Mfahamu Mkwaju, dereva wa lori aliyekufa kwa UKIMWI huku nchi nzima ikimsikiliza redioni (kasoro Dodoma)

Wadau wangu, leo tunaweka pembeni habari za nani kaachana na nani. Nataka niwape stori ya staa mmoja wa Bongo ambaye wazazi wenu wanamjua vizuri na nyie wengi hamjawahi hata kusikia jina lake. Hajawahi kupiga picha hata moja. Hana wimbo, hana muvi, hana ukurasa wa Insta. Hana hata kaburi, kwa sababu hajawahi kuzaliwa.

Anaitwa Mkwaju. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa pombe, mwenye mke na watoto nyumbani na mwanamke mwingine kila sehemu lori linapolala. Alianza kusikika mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye mchezo wa redio unaoitwa Twende na Wakati. Mara mbili kwa wiki, jioni, nusu saa. (Nyie wa mpira mkisikia mkwaju mnawaza penalti, najua. Huyu naye alikuwa anapiga tu bila kuangalia golini kuna nani.)

Mtu ataandika hapo chini "sasa mchezo wa redio wa wazee sisi unatuhusu nini". Subiri. Michezo ya kuelimisha kuhusu ngono salama imekuwepo mingi, mingine ukisikiliza dakika mbili unazima. Huu ulipimwa kwa miaka kadhaa na watafiti, mikoa ikalinganishwa, na ikaonekana kweli umebadilisha watu wanavyoishi chumbani. Ila ili upimwe, kuna mkoa mmoja uliachwa makusudi bila kuusikia. Hilo linanikereketa mpaka leo, na nitalifikia.

Kwanza turudi nyuma kidogo, maana ukitaka kuelewa kwanini Mkwaju alikuwa habari kubwa lazima ujue nchi ilikuwa kwenye hali gani.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa Tanzania waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Watatu tu. Mkoa wenyewe ulikuwa bado haujapumua vizuri baada ya vita na Idi Amin, mpakani magendo yamekolea, watu wanavuka kwenda Uganda na kurudi na nguo, sabuni, kila kitu. Kulikuwa na nguo maarufu kipindi hicho ikiitwa Juliana, na ugonjwa nao ukabatizwa jina hilo hilo: Juliana. Upande wa pili wa mpaka, Waganda waliuita Slim, kwa jinsi mtu alivyokuwa anakonda. Wengine walisema ni uchawi, kwamba wafanyabiashara wa Uganda waliodhulumiwa mali zao wamewatupia laana waliowadhulumu. Ukifikiria unaona kwanini watu waliamini. Waliokuwa wanaanza kufa ni wafanyabiashara na watu wa safari, vijana wenye hela.

Ilipofika 1986, mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imesharipoti wagonjwa. Miaka mitatu tu, kutoka watatu Kagera mpaka kila mkoa!

Na hapa kuna kitu sisi tuliozaliwa juzi tunakisahau. Leo mtu mwenye VVU anakunywa dawa zake, anafanya kazi, anaoa, anazaa mtoto asiye na maambukizi, anazeeka. Mwaka 1993 hakukuwa na hiyo habari. Mchanganyiko wa dawa unaofubaza virusi ulikuja duniani kwenye mwaka 1996, na hapa kwetu dawa za bure zilianza kutolewa kama 2004 hivi. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 20 tangu Kagera, silaha pekee mtu wa kawaida aliyokuwa nayo ni kutoambukizwa. Hakuna mpango B.

Sasa serikali ilikuwa inasema nini? Ilikuwa inatisha. UKIMWI unaua. UKIMWI hauna dawa. Mabango ya mafuvu na mifupa. Na Mbongo ukimtisha sana anageuza utani. Herufi za AIDS zikapewa maana mpya, "Acha Iniue Dogodogo Siachi", na mzee mzima na tumbo lake anaitamka baa huku anacheka. Kuambukizwa kukaitwa kukanyaga miwaya, kupata ngoma, kupigwa shoti. Kondomu ikaitwa soksi, na kufanya bila kondomu ikawa kwenda peku. Na ule msemo ambao mpaka leo haujafa: huwezi kula pipi na ganda lake.

Alafu kulikuwa na uvumi mzito kwamba kondomu zenyewe ndizo zina virusi, kwamba Wazungu wamezitia ili watumalize. Mwingine anaamini mbu wanaambukiza, kwa hiyo anajiuliza kondomu itamsaidia nini wakati usiku analala bila neti. Mtu kama huyo unaweza kumbandikia mabango mpaka ukuta uanguke, hutamfikia.

Nisiwalaumu pia. Kwetu mambo ya chumbani yana watu wake. Binti anafundishwa na somo au kungwi, au shangazi. Kijana anafundishwa jandoni, au na washkaji kijiweni ambao nao hawajui kitu. Baba kukaa na watoto wake akataja neno kondomu? Haikuwezekana, na kwenye nyumba nyingi bado haiwezekani.

Hapa ndipo redio inapoingia, na stori yake inaanzia mbali sana, Peru. Mwaka 1969 kule kulikuwa na tamthilia ya televisheni, Simplemente María, kuhusu dada wa kazi anayejifunza kushona na kutoboa maisha kupitia cherehani yake. Wanawake wakaipenda mpaka mauzo ya cherehani yakapanda. Hakuna aliyewaambia wakanunue. Jamaa mmoja wa televisheni ya Mexico, Miguel Sabido, akaangalia lile jambo akajiuliza: kama tamthilia inauza cherehani bila kukusudia, je ikikusudia kuuza kitu kingine? Mwaka 1977 akatoa tamthilia yake kuhusu uzazi wa mpango, na wanawake wakaanza kumiminika kliniki. Kanuni yake ni rahisi. Unaweka mhusika mbaya, unaweka mhusika mzuri, alafu unaweka yule wa katikati ambaye ni kama mimi na wewe, anayumba, anakosea, anajifunza polepole. Kila mmoja anavuna alichopanda, lakini taratibu, kwa miezi mingi, ili msikilizaji awe ameshamzoea kama jirani. Hakuna daktari anayekuja kuhutubia.

Kanuni hiyo ikatua Kenya mwaka 1987, majirani zetu wakawa na Tushauriane kwenye televisheni na Ushikwapo Shikamana kwenye redio, zote za uzazi wa mpango. Tanzania tukaichukua miaka sita baadaye. Serikali, Radio Tanzania, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu na shirika moja la New York lililokuwa limeshafanya kazi hiyo nchi nyingine wakakaa pamoja. Kabla ya kuandika hata sentensi moja walizunguka wakiuliza watu wanaamini nini kuhusu kondomu, kuhusu idadi ya watoto, kuhusu UKIMWI. Zile imani zote nilizotaja hapo juu, za mbu na virusi ndani ya mpira, ndizo walizokuwa wanakwenda kupambana nazo.

Ndipo akazaliwa Mkwaju.

Kumchagua dereva wa lori hakukuwa kwa bahati. Barabara kuu ya kwenda Zambia, kutoka Dar, Chalinze, Makambako, Mbeya mpaka Tunduma, ndiyo ilikuwa njia ya mizigo na ndiyo ilikuwa njia ya virusi. Miaka hiyo hiyo AMREF walikuwa na mradi wa kugawa kondomu na kutoa elimu kwenye vituo vya malori huko huko barabarani. Dereva analala leo hapa kesho pale, ana hela mkononi, na kila kituo kuna baa, gesti na wasichana waliokuja mjini kutafuta maisha. Kila msikilizaji alikuwa anamjua Mkwaju mmoja mtaani kwake. Ama ni baba yake mdogo, ama ni mume wake.

Nyumbani Mkwaju alikuwa na mke, Tunu. Mwanzoni Tunu ni mke wa kuvumilia. Mume anataka watoto zaidi, anataka wa kiume, anakunywa hela, anarudi usiku wa manane au harudi kabisa. Wasikilizaji walikuwa wanamlilia. Taratibu Tunu akaanza kubadilika, akaanzisha biashara yake ndogo, akasimama kwa miguu yake. Mkwaju yeye akaendelea na safari zake na mambo yake, akapata VVU, akaugua na akafa kwa UKIMWI. Mhusika mkuu, mtu ambaye nchi ilikuwa inamsubiri jioni ili kusikia leo kafanya ujinga gani, akakonda na kufa masikioni mwa watu.

Nilimpigia simu mama mkubwa wangu, ambaye kipindi hicho alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu anaishi Morogoro kwa wazazi. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza kama anamkumbuka Mkwaju. Akacheka kwanza.

"Mwanangu, yule mwanaume tulikuwa tunamchukia! Muda wa mchezo ukifika babu yako hataki mtu aongee. Mkwaju akiwa baa na wanawake zake, babu yako anakohoa tu, anaangalia pembeni. Lakini redio hazimi."

Nikamuuliza, na habari za kondomu zikitajwa je?

"Ndiyo anakohoa zaidi. Ila tulikuwa tunasikia wote, mimi, mama, wadogo zangu, na mpangaji anasikilizia dirishani."

Hapo kwenye kukohoa na kutozima ndipo mimi naona akili ya mchezo ule. Baba hakulazimika kusema chochote. Mkwaju alisemwa. Kesho yake mama anaweza kumwambia mumewe, "umemsikia Mkwaju jana?", na wote wawili wanajua wanaongelea nini bila mtu kuvunjiwa heshima. Watafiti baadaye walikuta hicho kitu kabisa: wanandoa waliosikiliza mchezo walikuwa wanaongea zaidi kuhusu uzazi wa mpango kuliko wasiosikiliza. Na jina likaingia mtaani, mwanaume malaya akawa anaitwa Mkwaju. Ukiitwa hivyo mbele za watu hujasifiwa.

Mwaka 1993 ushindani wenyewe ulikuwa hakuna. Redio za watu binafsi zilikuwa ndiyo zinataka kuanza, televisheni kwa Bara ilikuwa hadithi. Radio Tanzania ilipokuwa hewani nchi ilikuwa inasikiliza kitu kimoja. Leo ukitaka wadau laki moja waangalie kitu kimoja kwa nusu saa inabidi msanii avuliwe nguo.

Haya, sasa Dodoma.

Radio Tanzania ilikuwa na mtambo wake Dodoma uliokuwa na uwezo wa kurusha vipindi tofauti na nchi nzima. Watafiti, akiwemo profesa mmoja Mmarekani mkubwa sana kwenye fani hiyo, Everett Rogers, walikuwa wanataka jibu la swali moja: tutajuaje kama ni mchezo ndio uliobadilisha watu na sio kitu kingine? Maana kliniki zilikuwepo, matangazo mengine yalikuwepo, misiba nayo ilikuwa inafundisha kivyake. Suluhisho lao, kuanzia 1993 mpaka 1995, Twende na Wakati ikirushwa sehemu nyingine, mtambo wa Dodoma urushe vipindi vingine. Kila mwaka waende kuhoji kaya zaidi ya elfu mbili, za mikoa iliyosikia na za Dodoma, walinganishe. Ni kama wanavyojaribu dawa, hawa wanapewa dawa na wale hawapewi.

Matokeo yalikuwa wazi kuliko watu walivyotegemea. Mwaka wa kwanza, kondomu zilizosambazwa kwenye maeneo yaliyokuwa yanasikia mchezo ziliongezeka kwa asilimia 153. Dodoma ziliongezeka kwa asilimia 16.

Soma tena hizo namba taratibu.

Na zile za maneno pia zilipanda. Waliosikiliza wengi walisema wamebadilika baada ya kusikia mchezo. Wengi wao walisema wamebaki na mpenzi mmoja, na wachache zaidi, chini ya mmoja kati ya watano, walisema wameanza kutumia kondomu. Wengine walisema wameacha kuchangia nyembe. Kliniki za uzazi wa mpango nazo, wateja wapya wakiulizwa nani kakutuma, wengi walikuwa wanataja mchezo wa redio.

Mi huwa nasoma namba za maneno kwa jicho moja. Mtu akija kwako na daftari akauliza "je umeacha kuchepuka?", wewe utamjibu nini, na mkeo yuko jikoni anasikia? Lakini kondomu zilizotoka stoo huwezi kuzidanganyia. Zilihesabiwa. Na Salama, kondomu zilizokuwa zinauzwa kwa bei ya chini madukani miaka hiyo hiyo ya 1990, hazikuzuiwa kufika Dodoma. Kliniki Dodoma zilikuwepo. Kilichokosekana kule ni Mkwaju.

Kwa hiyo ushahidi ni mzuri. Tatizo ni kwamba ushahidi huo ulinunuliwa na Dodoma.

Jiweke pale. Ni 1994, hakuna dawa, watu wanazikwa kila wiki. Wewe ni binti wa Kondoa au Mpwapwa, redio mnayo, betri mnazo. Jioni mtambo unawaletea kipindi kingine, wakati mwenzako wa Morogoro, saa chache tu kwa basi, anasikia jinsi mwanaume wa kuzunguka anavyoleta kifo nyumbani. Hakuna aliyekuuliza kama unakubali kuwa upande wa kulinganishia. Na ni makao makuu ya nchi, tangu 1973 tunaambiwa hivyo!

Najua utetezi upo na wala sio wa kijinga. Wakati wanaanza hakuna aliyejua kama mchezo utafanya kazi, ungeweza kuwa mwingine tu wa kuzimwa baada ya dakika mbili. Bila Dodoma, mtu yeyote mwenye pesa angesema "hiyo ni burudani tu, haisaidii", na nchi nyingine zisingepata michezo yao. Baada ya 1995 Dodoma wakafunguliwa, wakaanza kusikia, na mabadiliko yale yale yakaonekana kule pia. Hicho kipande cha mwisho watafiti wanakipenda sana kwa sababu kinathibitisha mara ya pili. Mimi kinaniuma, kwa sababu kinathibitisha pia kwamba watu wa Dodoma wangebadilika mapema kama wangeruhusiwa kusikia. Na namba za mwaka wa kwanza zilipotoka, 153 kwa 16, bado kulikuwa na nafasi ya kubonyeza swichi. Hawakubonyeza mpaka muda waliojipangia uishe.

Siwaiti wabaya. Walikuwa wanajaribu kuokoa watu na waliokoa. Ila kuna watu huko Dodoma waliambukizwa kati ya 1993 na 1995 na hakuna atakayejua ni wangapi wangeponea kwenye mchezo wa nusu saa.

Mambo hayakuwa mepesi baada ya hapo. Usidhani watu walisikia Mkwaju kafa wote wakaenda dukani. Kununua kondomu kwa Mangi, huku mama wa jirani kasimama nyuma yako ananunua sukari, kulikuwa kunahitaji roho ngumu, na watu walikuwa wanasubiri duka liwe tupu. Viongozi wa dini wengi, misikitini na makanisani, walisema wazi kwamba kondomu inafungulia zinaa. Kule Nairobi mwaka 1996 Kardinali Maurice Otunga aliongoza watu kuchoma moto maboksi ya kondomu hadharani Uhuru Park. Mwaka 2001 Rais Moi, serikali yake ikiwa inapanga kuagiza kondomu milioni 300, aliwaomba Wakenya waache ngono kwa miaka miwili. Miaka miwili! Na hiyo ni nchi ya Tushauriane, waliotutangulia. Moi na Mkapa wote walikuwa wametangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwishoni mwa 1999, miaka 16 baada ya wale watatu wa Kagera.

Utafiti wa kitaifa wa 2003 na 2004 ulikuta asilimia 7 ya watu wazima Tanzania Bara wana VVU. Ule wa 2022 na 2023 ulikuta asilimia 4.4. Kuna mengi hapo katikati, dawa za bure, tohara ya wanaume, kupima wajawazito, kondomu. Simpi Mkwaju sifa zote.

Ila kuna kitu naona kwa kizazi chetu. Mkwaju aliogopwa kwa sababu ya kifo, na siku hizi kifo hakipo karibu, kwa hiyo hofu imehamia kwenye mimba. Nenda famasi yoyote ya mjini Jumapili asubuhi uone P2 zinavyotoka. Mtu kaenda peku Jumamosi, Jumapili anameza P2, Jumatatu anajiona salama. P2 ni dawa ya dharura ya kuzuia mimba, ikiwahiwa inasaidia, na kadri unavyochelewa ndani ya zile saa 72 nguvu yake inashuka. Lakini haijui VVU ni nini. Haijui kisonono, haijui kaswende, haijui klamidia, ambayo kwa wasichana wengi inakaa kimya bila dalili mpaka siku mtu anahangaika kutafuta mtoto. Vidonge vya kila siku, sindano, kipandikizi, vyote hivyo vinazuia mimba tu. Kondomu ndiyo inayokaa pande zote mbili, kwa wote wawili, na ya kike ipo pia. Na kama tayari mambo yameharibika na una wasiwasi wa VVU, kuna dawa za kukinga zinazoanzwa ndani ya saa 72 na kunywewa siku 28. Zinatolewa vituo vya afya. Hizo saa 72 mbili watu wanazichanganya kila siku: moja ni ya mimba, nyingine ni ya virusi, na vidonge ni tofauti.

Nimeona pia mtu anatunza kondomu kwenye waleti miezi sita inakaliwa kwenye daladala, alafu ikipasuka anasema feki. Joto na msuguano vinaua mpira. Mafuta ya mgando na losheni vinauyeyusha. Kuvaa mbili kwa pamoja zinasuguana na kupasuka. Angalia tarehe kwenye pakiti kabla hujazima taa.

Na mimba zenyewe sio kitu cha kupuuza. Utafiti wa 2022 ulikuta wasichana 22 kati ya 100 wa miaka 15 mpaka 19 nchini wameshazaa au wana mimba. Kwa miaka mingi binti wa shule akipata mimba ndio mwisho wake darasani, mpaka Novemba 2021 serikali iliporuhusu warudi. Kuna wasichana niliosoma nao ambao ruhusa hiyo iliwakuta wana watoto wanaosoma darasa la tatu. Aliyewapa mimba alimaliza fomu foo.

Ningependa kusikia nani angekuwa Mkwaju wa mwaka huu. Mimi naona asingekuwa dereva wa lori. Pengine ni mtu wa bodaboda, au yule kaka wa mjini mwenye followers na gari la kukodi, au ni mwanamke kabisa, kwanini isiwe. Na angesikika wapi, maana saa ile ya jioni ya nchi nzima haipo tena, kila mtu ana simu yake na earphone zake. Kukohoa kwa babu yangu kulikuwa na maana kwa sababu watu saba walikuwa wanamsikia.

Kama mzazi wako alisikiliza Twende na Wakati, muulize leo alafu tuwekee hapo chini alichokujibu. Na nyie wa Dodoma, hasa wenye wazazi waliokuwa na redio 1993 mpaka 1995: zile jioni walikuwa wanarushiwa nini?